Mzunguko wa asidi za nyongo kwenye kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa tena na tena na wanafunzi wa tiba, na waandishi wa programu waliojikuta kwenye miradi ya afya, na watu wenye kuhara kusikoisha waliosikia neno "modeli" (yaani mfano wa mwili ulioandikwa kwa hesabu kwenye kompyuta) wakatoka nalo hospitali bila maelezo. Kila swali lina namba, na jibu linalotegemea jingine litakupeleka huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Asidi za nyongo ndiyo nyongo yenyewe?

Hapana, ni sehemu yake. Aliyewahi kutoboa kifuko cha nyongo akichinja kuku anaijua nyongo: maji ya kijani, machungu kiasi cha kuharibu sufuria nzima. Ndani yake mna maji, chumvi, kolesteroli, rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na asidi za nyongo. Hizi za mwisho ndizo zenye kazi ya sabuni. Zinayavunjavunja mafuta ya chakula ili mwili uweze kuyafyonza, pamoja na vitamini A, D, E na K zinazosafiri na mafuta.

Ini huzitengeneza kwa kutumia kolesteroli. Kwa binadamu kuna mbili za msingi, asidi ya koliki na asidi ya kenodeoksikoliki, na kabla ya kuziachia ini huziunganisha na molekuli ndogo, glisini au taurini. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huzigeuza kuwa asidi ya deoksikoliki na asidi ya lithokoliki.

2. Kwa nini mnaita "mzunguko"?

Kwa sababu zinarudi. Ukila, kifuko cha nyongo hujikamua na kuzimwaga kwenye utumbo mwembamba. Zinateremka zikifanya kazi, na zikifika kipande cha mwisho cha utumbo huo, yaani ileamu, protini iitwayo ASBT inazidaka na kuziingiza ndani. Kutoka hapo damu inazipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini nalo linazipokea kupitia mlango uitwao NTCP, na linazitoa tena kwenye nyongo kupitia mlango mwingine, BSEP.

Fikiria chupa za soda za kurudisha. Duka halinunui chupa mpya kila siku. Zilezile zinakwenda na kurudi kwenye kreti, na kiwanda kinafidia tu zilizovunjika au kupotea. Mtu mzima ana akiba ya takriban gramu 2 hadi 4 tu za asidi za nyongo, lakini huizungusha mara 6 hivi kwa siku, mara nyingine zaidi. Kinachopotea chooni ni karibu nusu gramu, na nusu gramu hiyo ndiyo ini linayotengeneza upya.

3. Mbona jambo hili linahitaji kompyuta? Si ni mchoro tu wa mishale?

Mchoro wa mishale hauna namba, na humu namba ndogo ndizo zinazoamua. Vitabu vingi vinasema "asilimia 95 hurudi", na msomaji anapita bila kushtuka. Ukikaa ukapiga hesabu (swali la 5) utaona kwamba kati ya kurudi asilimia 97 na kurudi asilimia 95 kuna tofauti ya mtu mzima wa afya na mtu anayekimbilia choo. Macho yetu yanavutwa na kile kikubwa kinachorudi. Modeli inatulazimisha kutazama kile kidogo kisichorudi.

Halafu kila kitu kinagusa kingine. Ukiongeza mwendo wa utumbo, ufyonzaji unapungua. Ufyonzaji ukipungua, ini linaongeza utengenezaji. Na yote hayo yanabadilika saa kwa saa kufuata milo. Kichwa cha mtu hakiwezi kuyashika yote kwa pamoja.

## Ndani ya modeli

4. Modeli kama hiyo inaonekanaje?

Ni vyumba na milango. Chumba kimoja ni ini, kingine ni kifuko cha nyongo, kisha vipande vya utumbo mwembamba, utumbo mpana na damu. Kwa kila chumba unaandika mlinganyo mmoja wenye maana ileile: kilichomo hubadilika kwa kiasi kinachoingia, ukitoa kinachotoka. Milango ya protini ina kikomo, kama lango la stendi saa ya magari mengi: ukileta zaidi ya uwezo wake, foleni inabaki nje. Kikomo hicho huandikwa kwa mlinganyo wa Michaelis-Menten, ambao kila aliyesoma baiolojia ya vimeng'enya anaukumbuka, kwa mapenzi au kwa chuki.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1957 Sven Lindstedt wa Sweden alitumia asidi ya koliki yenye alama ya mionzi kupima ukubwa wa akiba kwa watu na kasi ya kupotea kwake. Mwaka 1983 Alan Hofmann wa San Diego na wenzake kutoka Italia walichapisha modeli kamili ya asidi ya koliki kwa mtu mwenye afya, yenye viungo, mishipa ya damu na milo. Modeli nyingi za leo, hata zile kubwa zenye aina kumi za asidi, bado unaziona zimesimama juu ya mifupa ile.

5. Naweza kutengeneza ndogo mwenyewe, kwenye Excel?

Ndiyo, na nakushauri uanze hivyo kabla ya kugusa programu yoyote kubwa. Chukua chumba kimoja tu: akiba yote. Mizunguko iwe 6 kwa siku, na kila mzunguko urudishe asilimia 97. Kwa hiyo kila mzunguko unapoteza asilimia 3, na siku nzima inapoteza 6 × 0.03, sawa na 0.18 ya akiba. Ini litengeneze gramu 0.5 kwa siku. Akiba itatulia pale kinachopotea kinapolingana na kinachotengenezwa: 0.5 ÷ 0.18, yaani gramu 2.78. Hiyo ni namba ya mtu wa kawaida kabisa.

Sasa badilisha 97 iwe 95, usiguse kingine chochote. Upotevu unakuwa 0.30 kwa siku. Andika safu: akiba ya kesho ni akiba ya leo, ongeza 0.5, toa 0.30 mara akiba ya leo. Shusha chini: 2.78, kisha 2.45, kisha 2.21, kisha 2.05, na baada ya wiki mbili hivi inatulia karibu na 1.67. Asilimia mbili tu, na mtu amepoteza asilimia 40 ya akiba yake.

Kuna jaribio la hospitali unaloweza kulilinganisha na safu yako. SeHCAT ni kidonge chenye asidi ya nyongo bandia yenye seleniamu ya mionzi. Baada ya siku 7 wanapima imebaki kiasi gani mwilini. Chini ya asilimia 15 huhesabiwa kuwa si kawaida, na chini ya asilimia 5 ni hali kali. Kwa upotevu wa 0.18 kwa siku, ukiuhesabu mfululizo badala ya mara moja kwa siku (kwenye Excel: EXP(-0.18*7)), hesabu inatoa asilimia 28 iliyobaki: mzima. Kwa 0.30 inatoa 12: mgonjwa, japo kidogo. Shusha urejeshaji hadi asilimia 90, inatoa 1.5. Mara ya kwanza nilipoziona namba hizi zikiangukia hapo kutoka kwenye safu ya mistari mitatu, nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Tahadhari moja: ukiweka mizunguko 4 badala ya 6, asilimia 95 inakuwa ya mtu mwenye afya. Kwa hiyo vitabu havidanganyi. Vinakadiria tu, na havikwambii vimekadiria kwa mizunguko mingapi.

6. Modeli yangu inatoa nyongo hasi. Nimekosea wapi?

Karibu kwenye chama. Mimi iliwahi kunitokea usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na nilitumia saa mbili nikitafuta kosa la kibaiolojia ambalo halikuwepo. Kosa ni hatua ya muda. Ukijaribu mgonjwa anayerudisha asilimia 50 tu, upotevu ni 6 × 0.5, sawa na 3 kwa siku: unaiambia kompyuta itoe mara tatu ya akiba kwa mkupuo mmoja. Kutoka 2.78 unaruka hadi hasi 5.06. Tumia hatua ya saa moja badala ya siku: gawa kila namba ya siku kwa 24, na safu itatulia. Ukihamia lugha ya programu kama Python au R, tumia kitatuzi cha milinganyo kinachochagua hatua chenyewe.

7. Ini linajuaje kwamba limepungukiwa?

Katika safu ya swali la 5 halijui, linatengeneza 0.5 hata nyumba ikiungua. Mwilini kuna mawasiliano. Mwaka 1999 ilionekana kwamba kipokezi kiitwacho FXR, kilichomo ndani ya seli, kinaamshwa na asidi za nyongo. Zikipita kwa wingi kwenye ileamu, FXR inaamrisha utumbo utoe homoni ya FGF19, ambayo inasafiri hadi kwenye ini na kukizuia kimeng'enya CYP7A1, cha kwanza kwenye njia ya utengenezaji. Chache zikirudi, breki inalegea, ini linaongeza.

Kuiweka kwenye modeli ni mstari mmoja. Andika utengenezaji kuwa 1.5 ÷ (1 + R ÷ 8), ambapo R ni gramu zinazorudi kwa siku. Kikomo cha 1.5 na hiyo 8 nimezichagua mimi ili mtu mwenye afya aangukie palepale pa 0.5, usizinukuu kama vipimo. Sasa rudia mgonjwa wa asilimia 90. Bila breki akiba yake ingeshuka hadi 0.83. Kwa breki inasimama 1.32, na ini linatengeneza 0.79 kwa siku. Ameokolewa nusu, lakini hiyo 0.79 yote inaishia kwenye utumbo mpana. Shika hilo, tutalihitaji kwenye swali la 10.

8. Milo inaingiaje? Na mtu aliyefunga je?

Modeli za kweli hazina "mizunguko 6" iliyoandikwa. Zina kifuko kinachojaa na kujikamua kila mlo unapoingia, na idadi ya mizunguko inajitokeza yenyewe. Ukiweka futari na daku tu, mawimbi mawili makubwa yanahamia usiku, na mchana kutwa akiba kubwa inakaa kwenye kifuko. Ndiyo maana kipimo cha damu cha asidi za nyongo hakina maana bila kujua ulikula saa ngapi.

9. Na mwendo wa utumbo?

Una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Uholanzi lilitumia modeli yenye vipande vya utumbo na kuonyesha kwamba kasi ya kupita kwa chakula ni miongoni mwa mambo makuu yanayoamua kiwango cha asidi za nyongo mwilini. Inaeleweka: mdakaji hawezi kudaka kinachompita mbio.

## Ugonjwa na dawa

10. Mgonjwa amekatwa kipande cha utumbo mwembamba na anahara. Modeli inasema nini?

Inategemea kipande kirefu kiasi gani, na hapa ndipo modeli inapojilipia gharama zake. Hofmann na Poley walishaona kitandani kwa mgonjwa, tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwamba kuna kuhara kwa namna mbili. Waliokatwa ileamu fupi, chini ya takriban sentimita 100, walipata nafuu kwa kolestiramini, unga unaoshika asidi za nyongo ndani ya utumbo. Waliokatwa zaidi hawakupata.

Rudi kwenye modeli ya swali la 7. Mgonjwa wa asilimia 90 ana akiba inayotosha kusaga mafuta, ila asidi zinazovuja zinachokoza utumbo mpana utoe maji. Zishike kwa kolestiramini, kuhara kunapungua. Mgonjwa wa asilimia 50 ana hadithi nyingine: ini linatengeneza 1.29, karibu linagota dari, na bado akiba ni 0.43 tu. Mafuta hayafyonzwi, yanatoka chooni, na ndiyo yanayomharisha. Ukimpa kolestiramini unamnyang'anya hata hiyo kidogo iliyobaki. Ugonjwa uleule kwa jina, dawa ileile, matokeo kinyume.

11. Nimetolewa kifuko cha nyongo. Mzunguko wangu umekufa?

Haujafa. Nyongo sasa inatiririka kidogo kidogo badala ya kusubiri mlo, kwa hiyo asidi zinazunguka mara nyingi zaidi. Weka mizunguko 8 badala ya 6 kwenye safu ya swali la 5, na akiba inashuka hadi gramu 2.08. Watu wengi hawahisi chochote, wachache huhara. Kama kunaendelea, mwambie daktari wako uliondolewa kifuko lini, kwa sababu wagonjwa wengi husahau kukitaja.

12. Kampuni za dawa zinahangaika na hili kwa nini?

Kwa sababu ya BSEP, mlango wa kutokea ini. Dawa ikiuziba, asidi za nyongo zinajaa ndani ya seli za ini, na sabuni ndani ya seli ni sumu. Mfano unaorudiwa zaidi ni troglitazone, dawa ya kisukari iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 baada ya kuumiza maini. Mwaka 2014 modeli ya kompyuta ilionyesha jinsi madhara yake yalivyoweza kuchelewa kujitokeza kwa binadamu, na kwa nini panya hawakuyaonyesha. Leo baadhi ya dawa mpya hupitishwa kwenye modeli za namna hii kabla ya kufika kwa watu wengi.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa karibu ni rifampicin ya kifua kikuu. Huziba milango ya OATP inayosaidia ini kupokea vitu kutoka kwenye damu, na inaigusa BSEP pia. Ajabu ni kwamba dawa hiyohiyo hutumiwa kutuliza muwasho wa watu ambao nyongo yao imekwama. Usijaribu kuliweka hilo kwenye modeli yako ya kwanza.

13. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku: ni jambo la mzunguko huu?

Inaweza kuwa, hasa miezi ya mwisho. Homoni za ujauzito zinaweza kudhoofisha utoaji wa asidi za nyongo kwenye ini, zikarudi nyuma kwenye damu. Hapa msingoje modeli: mama aende kliniki apimwe. Hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda waziwazi pale asidi kwenye damu zinapofika mikromoli 100 kwa lita au zaidi.

14. Kuna uhusiano gani na homa ya ini B?

Wa moja kwa moja. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing waligundua kwamba virusi vya homa ya ini B, pamoja na vya D, vinaingia kwenye ini kupitia NTCP, mlango uleule wa asidi za nyongo. Dawa ya bulevirtide, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2020 kwa homa ya ini D, inauziba mlango huo. Kama modeli inavyotabiri, asidi za nyongo kwenye damu zinapanda, lakini seli za ini hazijai, kwa sababu kilichofungwa ni mlango wa kuingilia.

## Maswali ya pembeni

15. Kwa hiyo nikiweka majibu yangu ya damu, modeli itanipa jina la ugonjwa?

Hapana, na jibu la 14 ndilo sababu. Ziba mlango wa kuingilia, damu inapanda. Ziba wa kutokea, damu inapanda vilevile. Kwenye hali ya kwanza ini limetulia, kwenye ya pili linaungua, na namba ya damu inaweza kufanana. Modeli inahitaji zaidi ya kipimo kimoja: SeHCAT, au C4, kemikali ya damu inayoonyesha ini linatengeneza kwa kasi gani. C4 nayo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa hiyo usilinganishe ya asubuhi na ya jioni.

16. Namba za panya zinafaa? Ndizo nyingi zaidi kwenye machapisho.

Kwa umbo la milinganyo, ndiyo. Kwa namba, angalia sana. Panya wadogo wa maabara huunganisha asidi zao karibu zote na taurini, wakati sisi tunatumia glisini zaidi. Wana FGF15 mahali pa FGF19 yetu. Kubwa zaidi, wana kimeng'enya kinachogeuza asidi ya kenodeoksikoliki kuwa asidi za murikoliki, ambazo zinayeyuka vizuri majini na hazina ukali uleule kwa seli. Ini la panya linaogea sabuni laini. Ndiyo maana dawa inaweza kumpita panya salama ikaja kumuumiza mtu.

17. Bakteria mnawawekaje?

Kwa wengi, kama kasi mbili: moja ya kuitenganisha glisini au taurini, nyingine ya kugeuza asidi ya koliki kuwa ya deoksikoliki. Ya pili inafanywa na bakteria wachache tu, *Clostridium scindens* akiwa anayejulikana zaidi, na antibiotiki zinaweza kuizima kwa siku kadhaa. Modeli yenye namba moja isiyobadilika haitaliona hilo. Ukiwa na mgonjwa aliyemaliza dozi ya antibiotiki juzi, igeuze namba hiyo iwe sifuri, endesha upya, uone deoksikoliki inachukua siku ngapi kuisha. Kwenye modeli za chumba kimoja huisha kwa kasi ileile ya upotevu wa swali la 5: nusu yake kila baada ya siku 4 hivi.